Kusawazisha Kishikwambi na Kompyuta Bila Waya: Saa ya Mashine Haijui Shamba

Tangu uandikishaji wa msimu huu uanze, swali ninaloulizwa zaidi si la ubwiriunga wala la bei ya korosho. Ni hili: "Bwana shamba, kumbukumbu nimeandika kwenye kishikwambi kule shambani. Nitaziingizaje kwenye kompyuta ya ofisi bila waya na bila kuchoma bando?"

Wanaouliza ni maafisa ugani wenzangu, makarani wa AMCOS, makatibu wa vikundi, na wakulima wachache wanaotunza hesabu zao wenyewe. Waya wengi wanao, lakini nyaya nyingi za madukani huchaji tu, data hazipitishi. Na mtandao wa intaneti kwenye vijiji vyetu unajulikana: upo chini ya mwembe fulani, ukisogea hatua tano haupo.

Jibu lipo, na si gumu. Nitaeleza njia mbili ambazo nazitumia mwenyewe kila wiki, na zote hazihitaji bando hata la shilingi mia. Lakini naomba usiruke kwenda moja kwa moja kwenye hatua. Kuunganisha vifaa viwili ni kazi ya dakika tano. Kinachotuumiza ni kile kinachotokea baada ya kuviunganisha, pale kompyuta na kishikwambi vinapokuwa na habari mbili tofauti za mkulima mmoja.

KUHAMISHA, KUNAKILI NA KUSAWAZISHA

Maneno haya matatu tunayachanganya, na kila moja lina matokeo yake.

Ukihamisha faili, linatoka huku linakwenda kule. Huku halibaki kitu.

Ukinakili, faili linabaki huku na nakala inakwenda kule. Tangu hapo kila moja linakwenda njia yake. Ukibadilisha hili, lile halijui.

Ukisawazisha, unaziambia mashine mbili zifanane, leo na kila siku zitakapokutana. Ukiongeza jina kwenye kishikwambi, litaonekana kwenye kompyuta. Ukirekebisha ekari, zitarekebishwa kule pia. Na ukifuta, litafutwa kule pia. Hilo la mwisho wengi hawalifikirii mpaka liwakute.

Mfano wake uko pale ghalani. Mkulima ana stakabadhi yake, karani ana kitabu chake. Siku ya malipo wanakaa pamoja na kusomeana. Namba zikilingana, hakuna neno. Zisipolingana, haitoshi kusema "haya, tuzifanye zifanane". Lazima mtu aulize: ipi ni sahihi? Nani alisoma mizani, na siku gani? Kompyuta hufanya kazi ya kufananisha kwa haraka kuliko mtu yeyote. Kazi ya kuuliza ipi ni sahihi imebaki kuwa yako.

WALIOTUTANGULIA WALIULIZA MASWALI MANNE

Jambo hili si geni. Mwaka 1996 huko Marekani, Jeff Hawkins na wenzake wa Palm walitoa kifaa cha kushika mkononi kilichoitwa Pilot. Kilitunza anwani, namba za simu, ratiba na orodha ya kazi. Hadithi yake inajulikana: kabla ya kukitengeneza, Hawkins alichonga kipande cha mti chenye ukubwa huo na kutembea nacho mfukoni, ili ajue kama mtu anaweza kukibeba siku nzima bila kuchoka.

Kifaa kile kilitumia betri mbili ndogo, zile nyembamba za rimoti. Betri zikiisha kabisa bila kubadilishwa, kumbukumbu zote zilifutika. Kwa hiyo kukilinganisha na kompyuta halikuwa pambo, ulikuwa ndio uhai wake. Ulikiweka kwenye kitako kilichounganishwa na kompyuta, ukabonyeza kitufe kimoja. Kazi hiyo waliiita HotSync. Baadaye waya ukaanza kuondoka: kwanza mwanga usioonekana, ambao ulitaka vifaa vitazamane kwa karibu kama watu wanaonong'onezana, kisha Bluetooth, iliyowekwa ndani ya Tungsten T mwaka 2002, kisha Wi-Fi kwenye Tungsten C mwaka 2003.

Vifaa vya aina hii vilifika mpaka kwetu kusini. Mwaka 2004 watafiti wa afya walipita navyo nyumba kwa nyumba katika wilaya za mikoa ya Lindi na Mtwara, kwenye kaya zaidi ya 20,000, badala ya kubeba marobota ya madodoso ya karatasi. Kwa hiyo mtu akikuambia kuandika kumbukumbu kwa kifaa cha mkononi ni mambo ya vijana wa juzi, mwambie Newala na Tandahimba waliyaona zamani.

Nimewataja hawa kwa sababu moja. Programu ya Palm, kabla ya kusawazisha, ilikuruhusu kuchagua moja kati ya mambo manne. Kwanza, pande zote mbili zipeane kilicho kipya. Pili, kompyuta ifunike kilichomo kwenye kifaa. Tatu, kifaa kifunike kilichomo kwenye kompyuta. Nne, usifanye chochote. Na kama namba ya mtu mmoja ilibadilishwa huku na kule kwa namna tofauti, programu haikujifanya hakimu. Iliacha zote mbili, ili mwenyewe aamue.

Programu nyingi tunazotumia leo zimeficha maswali hayo ili zionekane rahisi. Tena kuna tofauti kubwa. Palm ilitazama kumbukumbu moja moja, mtu kwa mtu. Programu za leo za kusawazisha folda hutazama faili zima. Kama orodha yako ya wakulima 600 iko kwenye faili moja la Excel, programu haimuoni mkulima wa mstari wa 212. Inaona faili moja, lililohifadhiwa siku fulani saa fulani. Basi.

MIKOROSHO 100 ILIYOPOTEA

Mwenzangu mmoja wa kata jirani alizunguka wiki mbili kuhakiki mikorosho. Unajua kazi hiyo: kata yote kwa pikipiki, unahesabu miti, unauliza mipaka, unaandika. Orodha ilikuwa kwenye kishikwambi chake, na nakala ya zamani ilikuwa kwenye kompyuta ya ofisi. Orodha hiyo ndiyo hutumika kugawa salfa, na mgao hufuata idadi ya miti.

Siku aliyorudi, kabla hajafika ofisini, kijana wa ofisi alifungua faili la zamani kwenye kompyuta. Alikuwa na nia njema kabisa. Mkulima mmoja alipita kubadilisha namba ya simu, kijana akairekebisha, akahifadhi, akafunga. Kazi ya dakika moja.

Jioni mwenzangu akaunganisha kishikwambi na kompyuta. Programu ikamuuliza: mafaili mawili yana jina moja, nibakize lipi? Ikamwonyesha kwamba la kompyuta ndilo jipya zaidi. Na kweli lilikuwa jipya, kwa saa tatu. Akakubali jipya libaki. Wiki mbili za jua zikafunikwa na namba moja ya simu.

Hakugundua siku ile. Orodha ilichapishwa, ikabandikwa kwenye ubao wa ofisi ya kijiji. Siku iliyofuata akaja bibi mmoja pale, mjane, ameshika fimbo. Mwenzangu akamwamkia, "Shikamoo bibi." Akaitikia, kisha akasema, "Mjukuu wangu, mlikuja kwangu mkahesabu mikorosho mia na arobaini. Hapa ubaoni wamenisomea arobaini. Mlipokuja kuihesabu, ile mia mliondoka nayo?"

Orodha ya zamani ilikuwa na shamba lake la karibu na nyumba tu. Lile la pili, alilorithi kwa marehemu mumewe, lilikuwa limeingizwa kwa mara ya kwanza katika uhakiki ule. Fikiria maana yake. Salfa hupuliziwa kuanzia maua yanapochipua, na hupuliziwa zaidi ya mara moja. Ubwiriunga haumsubiri mtu arekebishe faili. Mgao wa miti 40 ukigawanywa kwa miti 140, hakuna mti utakaopona sawasawa. Kwa yule bibi hiyo si hitilafu ya kompyuta. Ni ada ya mjukuu, ni bati la nyumba, ni chakula cha masika.

Kilichookoa msimu ni daftari. Mwenzangu alikuwa bado na tabia ya zamani ya kuandika kwa kalamu kabla ya kugusa kishikwambi. Alinipigia simu, nikaenda. Tulikaa usiku tatu, mmoja anasoma, mwingine anaandika, jina kwa jina. Orodha sahihi ikabandikwa kabla mgao haujaanza. Yule bibi alikuja tena, akasomewa, akasema neno moja tu: "Imerudi."

Sikulaumu kijana wa ofisi, na wewe usimlaumu. Wala kompyuta haikuharibika. Ilijibu sawasawa swali iliyoulizwa. Iliulizwa lipi limehifadhiwa mwisho, ikajibu. Hakuna aliyeiuliza lipi limetoka shambani, na hata ingeulizwa isingejua. Saa ya mashine inajua faili lilifungwa saa ngapi. Shamba inalolijua ni lile uliloliambia.

AMUA KABLA HUJAWASHA CHOCHOTE

Kutokana na hayo, mimi sasa nina utaratibu wangu, na ndio ninaokushauri uufuate.

Kwanza, upande mmoja uandike, upande mwingine upokee tu. Katika msimu wa uhakiki, kishikwambi ndicho kinachoandika. Kompyuta ya ofisi inapokea na kuchapisha. Mtu akija ofisini na namba mpya ya simu, iandikwe kwenye karatasi iliyowekwa mezani, jioni uiingize mwenyewe kwenye kishikwambi. Waambie wote wanaogusa kompyuta hiyo. Kubandika karatasi juu ya kompyuta yenye maneno "Orodha ya mikorosho: kusoma tu" si aibu.

Pili, linganisha saa na tarehe za vifaa vyote viwili. Kishikwambi kilichozimika kwa siku kadhaa porini kinaweza kuwaka kikiwa na tarehe ya miaka iliyopita. Kazi yako ya leo itaonekana ni ya zamani, na programu itaidharau.

Tatu, kila mkulima awe na namba yake, si jina pekee. Kijiji kimoja kinaweza kuwa na kina Hamisi Salumu watatu, na kompyuta haimjui yupi ni wa bondeni na yupi ni wa shuleni. Wape namba kama K3-017, na namba hiyo isibadilike hata mtu akihama kitongoji.

Nne, usitumie jina moja la faili kwa msimu mzima. Kila jioni hifadhi kwa jina lenye tarehe, ukianza na mwaka: mikorosho-2025-06-14. Ukianza na mwaka, mafaili yatajipanga yenyewe kwa mfuatano. Na mafaili yenye majina tofauti hayawezi kufunikana. Kama mwenzangu angekuwa na jambo hili moja tu, ule usiku tatu tungelala.

NJIA YA KWANZA: BLUETOOTH

Hii inafaa kwa mafaili madogo, kama orodha ya Excel. Haihitaji bando wala laini ya simu.

Washa Bluetooth kwenye kishikwambi na kwenye kompyuta. Viweke karibu, meza moja inatosha. Bluetooth ya vifaa vyetu hufika kama mita 10 mahali pa wazi, na ukuta unapunguza. Mara ya kwanza vifaa vitataka kujuana: namba ya tarakimu sita itaonekana kwenye vioo vyote viwili. Zisome kwa sauti. Zikilingana, kubali. Zisipolingana, kataa, maana unaweza kuwa unajiunganisha na simu ya mtu aliye dirishani.

Kisha nenda kwenye kompyuta, kwenye mipangilio ya Bluetooth, uchague kupokea faili. Hatua hii ndiyo wengi wanaisahau. Windows haipokei faili mpaka uiambie ikae tayari. Baada ya hapo, kwenye kishikwambi chagua faili, bonyeza kushiriki, chagua Bluetooth, chagua jina la kompyuta yako.

Udhaifu wake ni mwendo. Orodha ya wakulima 600 itapita kwa sekunde chache. Lakini kama umepiga picha 40 za majani yenye ugonjwa, na kila picha ina megabaiti 4, utasubiri dakika 10 au zaidi, na ukisogeza kishikwambi inaweza kukatika katikati. Picha zitafutie njia ya pili.

Angalia pia kwamba Bluetooth hapa inanakili, haisawazishi. Kwa kazi yetu hilo ni jema. Inapeleka nakala kule, na haigusi kitu kingine chochote.

NJIA YA PILI: HOTSPOTI ISIYO NA BANDO

Watu wengi wanaamini hotspoti ni kitu cha kugawana bando. Si lazima. Hotspoti ni Wi-Fi ndogo inayotoka kwenye simu yako. Ikiwa ina bando, inagawa bando. Isipokuwa na bando, bado vifaa vilivyoungana nayo vinaweza kuzungumza vyenyewe kwa vyenyewe, na kwa kasi kubwa kuliko Bluetooth.

Fanya hivi.

1. Zima data kwenye simu au kishikwambi chenye laini. Hatua hii ni ya lazima. Usipozima, kompyuta itadhani imepata intaneti ya bure na kuanza kupakua masasisho ya Windows. Bando la wiki litaisha kabla hujamaliza chai.

2. Washa hotspoti. Weka neno la siri refu, lisiwe 12345678.

3. Unganisha kompyuta. Kama hotspoti inatoka kwenye simu, unganisha na kishikwambi pia, ili vyote vitatu viwe kwenye Wi-Fi moja.

4. Kompyuta itakuambia hakuna intaneti. Usishtuke, ndivyo tunavyotaka. Ikikuuliza aina ya mtandao, au ukiingia kwenye mipangilio ya Wi-Fi hiyo, chagua "Private". Ukiacha "Public", Windows hujifungia na vifaa vingine havitaiona.

5. Fungua programu ya kuhamishia mafaili kwenye vifaa vyote viwili, kisha tuma.

Kwa wanaotaka folda ijisawazishe yenyewe kila vifaa vinapokutana, natumia Syncthing. Ni ya bure, haina matangazo, na haipeleki orodha ya wakulima wako kwenye kompyuta ya mtu mwingine ili ikurudie. Kwenye Android inapatikana kwa jina la Syncthing-Fork. Kuipakua na kuisakinisha kunahitaji intaneti mara moja tu. Baada ya hapo inafanya kazi kwenye hotspoti isiyo na bando.

Kizuri zaidi ni kwamba Syncthing imerudisha lile swali la Palm. Kila folda unaipa tabia yake. Kwenye kishikwambi chagua "Send Only", yaani inatuma tu. Kwenye kompyuta chagua "Receive Only", inapokea tu. Kijana wa ofisi akibadilisha kitu kwenye kompyuta kwa bahati mbaya, badiliko hilo halitarudi kwenye kishikwambi. Na kama umeacha pande zote ziandike, kisha faili moja likabadilishwa huku na kule, programu hailitupi lile lililoshindwa. Hulipa jina jipya lenye maneno "sync-conflict" na kuliacha hapo hapo. Ukiona jina hilo, usilifute. Lifungue, ulilinganishe na lingine mstari kwa mstari.

Tahadhari moja: Wi-Fi za nyumba za wageni na mikahawa mara nyingi zimezuia vifaa visionane. Ukiona kishikwambi na kompyuta viko kwenye Wi-Fi hiyo moja lakini havionani, usihangaike saa nzima. Tumia hotspoti yako.

KUSAWAZISHA SI AKIBA

Hili nalirudia katika kila semina, na nitalirudia hapa. Folda inayosawazishwa si akiba. Mtoto akichezea kishikwambi na kufuta faili, kompyuta itafuta pia pindi vitakapokutana. Hata ile tabia ya kutuma tu haizuii hilo, maana kufuta nako ni habari inayotumwa.

Kwa hiyo fanya mambo mawili. Kwenye Syncthing ya kompyuta, washa sehemu ya kutunza matoleo ya zamani, inayoitwa "File Versioning". Faili likifutwa au kubadilishwa kutoka kishikwambini, lile la zamani litawekwa pembeni badala ya kupotea. Pili, kila Ijumaa nakili folda nzima kwenye flashi, kisha ichomoe. Flashi iliyobaki kwenye kompyuta si akiba, maana kirusi, radi au mwizi vitachukua vyote kwa pamoja. Mkulima hahifadhi mbegu yote kwenye kihenge kimoja, nawe usihifadhi orodha yote mahali pamoja.

Na daftari? Usiliache. Si lazima uandike kila kitu mara mbili. Namba ya mkulima, jina, idadi ya miti, tarehe. Mistari minne hiyo ndiyo iliyomrudishia yule bibi mikorosho yake.

KAGUA KABLA HUJAFUTA

Baada ya kusawazisha, usifute kitu kwenye kishikwambi kabla ya ukaguzi huu mdogo.

Hesabu mistari. Kishikwambi kina wakulima 612, kompyuta iwe na 612. Jumlisha safu ya miti pande zote mbili. Jumla zikilingana, karibu kila kitu kiko sawa. Kisha chagua wakulima watatu uliowatembelea wiki hii, si wa zamani, ulinganishe taarifa zao na daftari.

Mwisho angalia safu za namba ndefu. Excel ina tabia mbili mbaya. Namba ya simu inayoanza na 0 huondolewa ile 0. Na namba ya NIDA yenye tarakimu 20 ni ndefu kuliko Excel inavyoweza kubeba, kwani inashika tarakimu 15 tu, na zinazobaki inazigeuza kuwa 0 kimyakimya. Dawa ni kuipa safu hiyo aina ya "Text" kabla hujaingiza namba. Ukisubiri mpaka uharibifu utokee, tarakimu zilizopotea hazirudi.

ORODHA NI MALI YA WATU

Jina, simu, namba ya NIDA, ukubwa wa shamba: hizo ni taarifa binafsi za mtu. Tangu Mei 2023 tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inayotumika nchini, na hata pasipokuwa na sheria, mkulima alikuambia wewe, hakuiambia steshenari ya stendi. Usipeleke orodha kwenye kompyuta ya steshenari kwa ajili ya kuchapisha tu na kuiacha humo. Zima Bluetooth ukimaliza. Weka neno la siri kwenye kishikwambi. Na ukihamishwa kituo, futa muungano kati ya kishikwambi chako na kompyuta ya ofisi unayoiacha, ili zisije zikafananishwa tena bila wewe kujua.

Ndugu msomaji, leo jioni fanya jambo moja. Kaa na wote wanaogusa orodha yako, mkubaliane nani anaandika na nani anapokea. Mkishakubaliana, hotspoti na Bluetooth vitafanya sehemu yao bila shida. Msipokubaliana, mashine itawaamulia kwa kutazama saa, na msimu wa mtu unaweza kupotelea humo.

Ukikwama kwenye hatua yoyote, niulize, nitajibu kadiri mtandao utakavyoruhusu. Kazi njema, na maua yachipue vizuri.